Bei ya Moto

Kila moto una bei mbili. Ya kwanza hulipwa kwa fedha na anayepika. Ya pili hulipwa na ardhi, na aghalabu mzigo wake humwangukia mtu mwingine. Je, moto ni halali ya mnunuzi ambaye bei ya pili hakuilipa?

Swali hili lina makao yake wilayani Kilosa. Miti ya miombo hukatwa na kuchomwa mkaa, na magunia hufuata barabara kuu hadi Dar es Salaam. Barabara hiyo hupita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Ndani ya hifadhi mti una mlinzi. Nje yake mti huwa mali ya shoka la kwanza kufika. Mpishi wa mjini huona makaa mekundu, kisiki hakioni.

Yaweza kudaiwa kwamba dawa ni marufuku. Mwaka 2006 serikali ilipiga marufuku mkaa, lakini amri haikudumu, maana chungu hakingoji sheria. Mchoma mkaa ni maskini, na wengi wanaoupikia ni maskini vilevile. Kuwahukumu peke yao ni kuadhibu umaskini.

Kuanzia mwaka 2012 vijiji kadhaa vya Kilosa, Ihombwa na Ulaya Mbuyuni vikiwa miongoni mwao, vilisaidiwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania kushika njia nyingine. Sehemu ya msitu wa kijiji iligawanywa vipande vya mita 50 kwa 50: kimoja hukatwa, jirani yake huachwa, visiki huchipua, na zamu hurudi baada ya miaka 24. Ushuru uliingia katika hazina ya kijiji. Hivyo bei ya pili ikapata mpokeaji.

Lakini gunia la halali hushindana sokoni na gunia la wizi, nalo la wizi ni rahisi kwa kuwa msitu haukulipwa kitu. Hapo lawama hutoka porini ikabisha hodi kwa mnunuzi.

Taifa limekusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya wananchi wapike kwa nishati safi. Ni kusudi jema, ila hakuna nishati isiyo na deni. Umeme wa Kihansi ulipunguza manyunyu ya maporomoko, na mwaka 2009 chura wa huko akatangazwa kuwa ametoweka porini. Kubadili moto si kumaliza deni. Ni kubadili mdai. Akatae mti leo akiwa na miaka 40 atauona umekomaa akiwa na 64. Haki humtaka anayeota moto amlipe sasa yule atakayeungoja mti.