Ubunifu na Utu Machimboni

Wahenga wetu walisema kwamba akili ni mali. Lakini yatupasa kuuliza: je, mali hiyo ni halali hata inapopatikana kwa gharama ya afya ya jirani?

Ufundi si jambo geni Usukumani. Kabla ya ukoloni, Warongo wa pande za Geita waliyeyusha mawe ya chuma wakafua majembe, na majembe hayo yakalima mashamba ya Wasukuma. Fundi alipata riziki, mkulima akapata chakula. Faida ya mmoja haikuwa hasara ya mwingine.

Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Kakola naye ni mbunifu. Husaga mawe kwenye karasha, huosha unga wake mwaloni, kisha huuchanganya na zebaki. Zebaki huikamata dhahabu. Ikichomwa hugeuka mvuke, na dhahabu hubaki. Njia hii haihitaji mtaji mkubwa, na ndiyo sababu maskini huipenda. Lakini mvuke ule haupotei. Humwingia anayechoma na mtoto aliye karibu, ukadhuru ubongo na mishipa ya fahamu. Mwingine hushuka majini hata kuwafikia samaki. Huko Minamata, Japani, ugonjwa wa walaji wa samaki wenye sumu ya zebaki ulitambuliwa mwaka 1956, na mkataba wa dunia wa mwaka 2013 ukapewa jina la mji huo.

Kinga ipo: chombo cha chuma kilichofunikwa, chenye bomba la kupozea mvuke hadi urudi kuwa zebaki na kutumika tena. Mbona basi wengi huchomea hadharani? Wapo wasemao ni ujinga. Sisi hatukubali. Mwenye deni la chakula na la karasha hana nafasi ya kusubiri. Kwa hiyo mwenye karasha na mnunuzi wa dhahabu nao wana sehemu yao katika lawama. Soko la dhahabu lilifunguliwa Geita mwaka 2019. Mizani yake hupima uzito wa dhahabu, wala haipimi pumzi za aliyeichoma. Kipimo hicho ni kazi ya dhamiri.

Kijana atakayetengeneza chombo hicho na kukiuza kwa bei anayoimudu mchimbaji, na apate faida yake bila kuona haya, kama Mrongo na jembe lake. Walimu wetu na wafundishe kemia hiyo pamoja na swali lake: mvuke huu unamwendea nani?