Motokari ya Kazi na Motokari ya Vita

Masomo: Yoeli 3:10, Isaya 2:4, 1 Samweli 8:11-12



Wengi wetu tunaijua Isaya 2:4, ile habari ya mataifa kuziharibu silaha zao na kuzifanya vyombo vya shamba. Tunaipenda, tena tunaihubiri kila mara amani inapotajwa. Lakini ni wachache wanaofungua Yoeli 3:10. Pale mambo yamegeuzwa: mkulima anaitwa alete vyombo vyake vya shamba, vipite kwenye moto na kutoka vikiwa silaha. Ndugu, angalieni vizuri. Chuma ni kilekile, moto ni uleule, hata nyundo ni ileile. Tofauti iko kwa mtu aliyeishika nyundo.

Sisi wa Lubumbashi hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Wazee wetu waliiona Yoeli kwa macho, wakati mji huu ungali ukiitwa Élisabethville. Moïse Tshombe alitangaza Katanga kuwa nchi peke yake tarehe 11 Julai 1960. Mapigano na askari wa Umoja wa Mataifa yakaingia mjini mwezi wa Septemba 1961, yakarudi Desemba, yakarudi tena mwisho wa mwaka 1962. Ndipo zikachukuliwa kamio za kazi, zile za kubeba mizigo na watu, zikavikwa mabamba ya chuma, dereva akaachiwa tundu la kuchungulia, na bunduki ikawekwa juu. Ndege ndogo zilizotengenezwa kwa ajili ya abiria zikaangusha mabomu. Umoja wa Mataifa uliinyoshea kidole Union Minière, ile kampuni iliyokuja kuwa Gécamines, kwa sababu ya kazi iliyofanyika katika karakana zake.

Tusibishane hapa juu ya wakubwa; wao wana mawakili wao. Mimi nawafikiria watu waliovaa nguo za kazi. Bamba la chuma halijiungi lenyewe. Kulikuwa na mtu aliyepima mlango, akakata chuma, akakiunga kwa moto, jioni akanawa mikono na kwenda kula pamoja na watoto wake. Labda alikuwa mtu wa sala. Labda aliambiwa asiulize neno, na hakuuliza.

Nabii Samweli alipowaonya Israeli juu ya mfalme waliyemtaka, alisema mfalme huyo atachukua wana wao: wengine wakimbie mbele ya magari yake, wengine wamtengenezee silaha na vyombo vya magari. Mwaona? Fundi na askari wametajwa katika onyo moja. Samweli hakumweka fundi kando kana kwamba mikono yake ni safi.

Tena kuna madhara ambayo fundi hayaoni siku ile. Tarehe 13 Desemba 1961, hapa mjini kwetu, Georges Olivet, mjumbe wa Msalaba Mwekundu, aliuawa pamoja na wasaidizi wake wawili, mwanamume na mwanamke. Walikuwa ndani ya gari la wagonjwa. Katika vita ambamo kila motokari inaweza kuficha bunduki, hata gari la wagonjwa haliaminiki tena. Fikiri wewe mama, unampeleka mtoto mwenye homa hospitali Sendwe usiku, na askari aliye barabarani hajui kama ndani ya taksi kuna mtoto au kuna bomu. Anayeigeuza kamio moja kuwa silaha ameziondolea amani kamio zote.

Wala si kwetu tu. Mwaka 1987 huko Chad, askari waliweka silaha juu ya Toyota za kawaida, wakayashinda majeshi ya Libya yenye vifaru, na watu wakavipa vita vile jina la Toyota. Ulimwengu ulishangilia, na wengine wakaiga. Tarehe 4 Agosti 1998 ndege za abiria zilikamatwa Goma, zikajazwa askari na kupelekwa Kitona, karibu kilometa 1,900, katika jimbo lile alikozaliwa Papa Simon Kimbangu. Siku tatu tu baadaye, tarehe 7 Agosti, motokari za mizigo zilizojazwa mabomu zililipuka Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi peke yake walikufa zaidi ya watu 200, wengi wao watu waliokuwa kazini mwao au wakipita njiani.

Najua jibu ambalo fundi atanipa. Atasema: Papa mchungaji, Kanisa limetufundisha Upendo, Sheria na Kazi. Mimi nafanya kazi. Mteja akileta chuma, mimi naunga. Anakokwenda nacho si shauri langu. Ndugu yangu, mbona umeanza kuhesabu kutoka mwisho? Kazi inakuja ya tatu. Imetanguliwa na Upendo, na kazi isiyoweza kupita mbele ya Upendo haiwezi kujificha nyuma ya amri.

Papa Simon Kimbangu alikuwa na watu wengi nyuma yake mwaka 1921. Angetaka, wangechukua mapanga yao ya shamba. Aliwakataza, akajitoa mwenyewe Nkamba tarehe 12 Septemba. Akahukumiwa kufa, hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, na kifungo hicho alikimalizia katika mji huu huu tunaosalia, alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30, na hakuna jembe hata moja lililogeuzwa upanga kwa amri yake.

Basi mafundi wa garaji, waunga chuma, madereva na ninyi wenye motokari: mtu akija usiku na mabamba, na fedha nyingi, na neno la kwamba usiulize, wewe uliza. Ukikataa kazi hiyo na nyumba yako ikakosa unga, usikae nayo peke yako. Njoo kwa mchungaji wako kabla ya Jumapili. Nsinsani si ya kujenga mahekalu tu. Na iletwe pia kwa ajili ya sufuria ya ndugu aliyekataa.