BAHARI NDANI YA KIOO

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeiumba bahari na vyote vilivyomo, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Amma baada ya haya. Ndugu zetu wasomaji, liko jambo lililoenea sana duniani, na katika miji yetu pia laonekana, nalo ni kufuga samaki wa bahari ndani ya nyumba. Mtu huweka hodhi la kioo ukumbini, akalijaza maji ya chumvi, akatia mchanga na mawe ya mwamba, kisha akatia humo samaki wa rangi mbali mbali, si wa kuliwa bali wa kutazamwa. Wako walisifuo jambo hili na kusema kuwa ni zikri ya macho, na wako waliharamishao kabla ya kuliuliza. Sisi hatupendi kuhukumu jambo kabla ya kulijua. Kwa hivyo twataka kwanza tutazame ni kitu gani kiwavutacho watu katika shughuli hii, kisha tuipime kwa mizani ya dini yetu.

Asili ya jambo hili si ya kale sana. Warumi walifuga samaki wa bahari katika mabwawa yaliyojengwa ufukoni, lakini kumtoa kiumbe baharini akaishi mbali na pwani, katika chombo cha maji machache, ni jambo lililowashinda watu kwa karne nyingi. Katika mwaka 1846 mwanamke mmoja wa Kiingereza, Anna Thynne, mke wa kasisi, alichukua matumbawe hai kutoka pwani ya Torquay akaenda nayo London. Yakaishi. Siri yake ilikuwa kazi: maji yalimiminwa kutoka chombo hiki hata kile, tena na tena, ili yapate hewa, na baadaye akatia mimea ya bahari ndani yake. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki ili watu wote waone. Mwaka 1854 Philip Henry Gosse, mtaalamu wa viumbe na mtu mshika dini wa Kikristo, akatoa kitabu cha kufundisha kazi hii, na shauku ikawapanda Waingereza. Kila mwenye nafasi akataka bahari yake nyumbani.

Basi twauliza: ni kitu gani kiwavutacho?

La kwanza ni uzuri. Sisi tuliozaliwa pwani twamjua samaki akiwa amekufa, juu ya meza ya soko, rangi zake zimekwisha kufifia. Wachache wetu ndio waliomwona akiwa hai mahali pake. Yuko kijisamaki wa rangi ya chungwa mwenye mikanda myeupe, akaaye kati ya vidole viwashavyo vya mnyama wa mwambani afananaye na ua. Samaki wengine wakigusa vidole vile huumia, na yeye hulala humo kama alalaye kitandani, kwa kuwa Mola wake amemvika utelezi juu ya ngozi umlindao. Na jike lake likisha kutaga, dume ndilo lishikalo ulinzi wa mayai. Huyapepea kwa mapezi yake na kuyasafisha kwa muda wa kama wiki moja mpaka yaanguliwe. Wangapi katika sisi wanaume tungeona haya mbele ya samaki huyu, tukikumbuka namna tulivyowaachia mama zao malezi yote ya watoto wetu!

La pili ni kazi yenyewe. Anayefuga mbuzi hufuga mbuzi. Lakini anayefuga samaki wa bahari, kwa hakika hufuga maji. Kila lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ya kiasi cha gramu 35, na hiyo haina budi kuhifadhiwa. Maji yakipungua kwa joto, chumvi hubaki. Kwa hivyo mwenye hodhi huongeza maji matamu wala si ya chumvi, na asiyejua hili huwaua samaki wake huku akidhani awafanyia wema. Tena uchafu wa samaki hutoa sumu iitwayo amonia, nayo huondolewa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, viishivyo juu ya mawe na mchanga. Vijidudu hivyo havinunuliwi vikakaa siku ile ile. Kwa kawaida mtu hungoja wiki nne hata sita mpaka vienee, na katika muda huo hodhi lake ni maji matupu na mawe. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta, katika Indonesia, alieleza katika jarida la Marekani namna alivyoishi na hodhi lake kwa kutumia mawe hai ya mwamba na mapovu ya hewa tu, bila ya mitambo mingi, na wengi wakaifuata njia hiyo baadaye. Mtu mwenye pupa haiwezi kazi hii. Humfunza kungoja, na kupima, na kukagua kila siku, na kukiri kuwa uhai wa aliye mkubwa wamtegemea asiyeonekana. Haya ni mafunzo mema, na ayatakaye hatumlaumu.

La tatu ni utulivu. Mtu arudipo kutoka kazini, kichwa kimejaa maneno ya watu, akakaa mbele ya kioo akatazama viumbe visivyosema, moyo wake hutua. Hili nalo halina ubaya, madhali halimchukulii wakati wa sala wala haki ya watu wake.

La nne, ndugu zetu, ndilo tulihofialo. Wako wavutwao na kumiliki. Haimridhishi kuwa na samaki mzuri. Ataka awe na samaki ambaye jirani hana. Akisha kupata wa rangi ya samawati ataka wa zambarau, na akisha kupata wa karibu ataka wa mbali, na hodhi likawa kama sanduku la vito la kuwaonyesha wageni. Wahenga wetu walisema, penye urembo ndipo penye urimbo. Uzuri ule ule uliomwita mtu kumtukuza Muumba ndio unaomnasa, akajitukuza mwenyewe.

Sasa na tuje katika mizani. Katika Sura An-Nahl, aya ya 14, Mwenyezi Mungu atukumbusha kuwa Yeye ndiye aliyeitiisha bahari kwa ajili yetu, ili tule humo nyama laini na tutoe mapambo ya kuvaa, na ili tupate kushukuru. Basi kunufaika na uzuri wa bahari ni neema, si haramu. Na katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim imekuja habari ya Abu Umair, ndugu mdogo wa Anas bin Malik, aliyekuwa na kijindege cha kuchezea. Mtume, rehema na amani zimshukie, hakumkataza, bali alimtania kwa upole na kumuulizia habari za ndege wake. Wanazuoni wamechukua kutokana na habari hii kuwa yajuzu kumweka kiumbe nyumbani kwa ajili ya kuliwazika naye.

Lakini imekuja pia, katika vitabu vile vile viwili, habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachilia ajitafutie mwenyewe. Tuzingatie vyema: kosa lake halikuwa kumweka paka, lilikuwa ni kumzuilia riziki yake. Hizi ndizo hadithi mbili zinazolisimamisha hodhi la kioo mbele ya hukumu, na kila mwenye hodhi hana budi ajue yeye yuko katika ipi.

Na hapa ndipo elimu inapohitajika, kwani nia njema pekee haitoshi. Katika mwamba yuko samaki mdogo wa samawati mwenye mstari mweusi ubavuni. Kazi yake ni kuwasafisha wakubwa. Huja chewa na mkunga wakamfungulia vinywa, naye huingia kati ya meno yao, akala wadudu wawanyonyao, akatoka salama. Watu humpenda kwa ajabu yake hiyo, wakamnunua. Lakini katika hodhi la nyumbani hakuna wakubwa wa kumtosha, na wengi wa samaki hawa hukonda wakafa kwa njaa, na huku chakula kimetiwa kila siku mbele yao. Wako tena samaki wapana kama kisahani, wa manjano wenye mistari, na baadhi ya aina zao hawali kitu ila matumbawe hai. Amnunuaye huyu bila ya kujua hayo, akamfungia mahali pasipo na chakula chake, ana tofauti gani na mwanamke yule? Hatusemi kuwa hukumu yao ni moja mbele ya Mwenyezi Mungu, kwani asiyejua si kama ajuaye. Twasema kuwa kuuliza ni wajibu kabla ya kununua, wala mtu asikimbilie kutojua hali wenye kujua wapo.

Tena samaki hawa hutoka wapi? Samaki wa maji matamu wa mapambo, walio wengi huzalishwa na watu. Samaki wa bahari, walio wengi hadi leo hukamatwa baharini, na wengine hukamatwa katika pwani yetu hii ya Kenya, wakatiwa katika mifuko ya maji na hewa, wakapelekwa kwa ndege mpaka Ulaya na Marekani. Wako vijana wetu wapatao riziki kwa kazi hiyo ya kuzamia na nyavu ndogo, nayo ni riziki halali afanyapo mtu kwa kiasi. Lakini katika Philippines, tangu miaka ya 1960, wako waliorushia mwambani sumu iitwayo sianidi ili samaki walewe wakamatike kwa wepesi. Na sumu ile huyaua matumbawe, na samaki wengi walewao hawaishi sana baadaye. Huu ni ufisadi ulio wazi. Katika Sura Ar-Rum, aya ya 41, tumeambiwa kuwa ufisadi umedhihiri barani na baharini kwa yale iliyoyatenda mikono ya watu.

Na wala si sumu pekee iharibuyo. Hata mapenzi huharibu. Tumemtaja Gosse. Mwanawe, Edmund Gosse, katika kitabu alichokitoa mwaka 1907, alisikitika kuwa vidimbwi vya mwambani alivyovijua utotoni, vilivyokuwa vimejaa viumbe kama bustani, vilikuwa vimekwisha kuporwa na makundi ya watu waliokwenda kuokota, nao walivutwa huko na vitabu vya baba yake mwenyewe. Baba aliandika ili watu waione kazi ya Mungu, na watu wakaja na ndoo.

Ndugu zetu, somo hili latuhusu sisi zaidi kuliko Waingereza. Mtu wa Chicago, aliye mbali na bahari ya chumvi, hutoa fedha nyingi na kungoja wiki nyingi ili apate kibaba cha bahari ukumbini mwake, akipima joto lake na chumvi yake asubuhi na jioni. Nasi Mwenyezi Mungu ametupa bahari nzima mlangoni, bila ya kioo wala mtambo. Twaitunzaje? Twaitupia takataka za jikoni na mifuko ya plastiki. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka na kufa, na wengi wetu hatukujua, kwa kuwa hatutazami. Huko Malindi na Watamu hifadhi za bahari zimekuwapo tangu mwaka 1968. Wageni wametoka mbali kuja kuziona, na wako watoto wa pwani wakuao mpaka wakaoa hawajapata kuutazama mwamba hata mara moja.

Kwa hivyo, rai yetu ni hii. Atakaye kufuga na afuge, kwa masharti. Ajifunze kwanza, kabla ya kutoa fedha. Achague samaki waliozalishwa na watu, kama yule mdogo wa rangi ya chungwa, ambaye leo huzalishwa sana. Na hata kangaja wa samawati aliyewashinda wataalamu kwa muda mrefu, mwaka 2016 walifaulu kumlea Florida tangu yai. Asinunue kiumbe asiyeweza kumlisha. Asifanye israfu akawapunja watu wake haki zao kwa ajili ya mapambo. Na ajiulize katika nafsi yake: akaapo mbele ya kioo, amwona Muumba au ajiona mwenyewe? Kwani kioo hufanya yote mawili.

Na asiyeweza masharti haya hakukosa kitu. Ashuke pwani maji yatokapo, awachukue watoto wake, ainame juu ya kidimbwi cha mwambani, atazame, wala asiokote. Kisha arudi nyumbani mikono mitupu na moyo uliojaa, na arudipo aokote takataka moja njiani.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kuziona ishara zake na kuzizingatia, na atuepushe na dhuluma kwa kila chenye roho, kidogo na kikubwa, cha barani na cha baharini. Amin.

Wallahu aalam. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.