Kasuku Juu ya Mwembe

Watu wa Kasenga, nyinyi mnaoshuka sasa hivi kwenda Luapula kutafuta samaki, sikilizeni.

Kasuku ametoroka. Mlango wa tundu ulisahauliwa wazi, upepo ukamchukua, sasa yuko juu ya mwembe wa jirani. Watoto wanapiga kelele. Kijana mmoja ameshika jiwe. Mwingine anataka kupanda.

Acha jiwe. Acha kupanda. Ndege aliyekulia tunduni hupaa kwa urahisi, ila kushuka hajazoea. Ukimfukuza, atapanda zaidi. Ukimfukuza tena, atavuka mto, na ng'ambo ni Zambia. Huko nani atamuuliza karatasi?

Weka tundu lake pale anapoliona. Weka karanga anazozipenda. Kaa chini. Muite kwa sauti aliyoizoea. Giza likiingia, tazama amelala tawi gani. Rudi kabla ya jua, angali na njaa. Muite tena.

Hata kazini kuna mwenzako aliyeondoka kwa hasira. Naye umekuwa ukimfukuza, au umemuita?

Kasuku akirudi, usimchape. Usitegemee kumkata manyoya ya mabawa pia: huota tena bila kukuarifu. Na asiporudi, usinunue wa porini kuziba nafasi yake. Kasuku wa kijivu wa misitu yetu yuko katika daraja la juu kabisa la ulinzi wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 2017.

Mama, papa, kabla hamjatoka asubuhi hii, angalieni komeo la tundu.