Aliyeshindwa Alikwenda Wapi?

Katika darasa letu la Kiswahili makazini Nakivale, ambako huwa tunakwenda kutoka Mbarara, tulikuwa tukifundisha maneno ya uchaguzi. Tukatoa mfano wa Benedicto Kiwanuka, mwanasheria aliyesomea London na kuongoza chama cha DP, aliyetaka Uganda ijipatie uhuru kwa kura. Tulipofikia kushindwa kwake Aprili 1962, mama mmoja akauliza: "Mwalimu, akakimbilia nchi gani?"

Swali hilo halikutokana na ujinga. Nakivale ilianza kwa kuwapokea Wanyarwanda waliohama wakati nchi yao ikielekea uhuru; baadaye wakaja Wakongo na Warundi. Kwa wengi wao, kushindwa na kufunga virago ni jambo moja.

Tulimjibu kwamba hakukimbia. Hata hivyo, yatupasa kukiri kuwa ushindi wake wa 1961 ulikuwa na walakini. Serikali ya Kabaka huko Mengo iliususia uchaguzi, na DP ikatwaa karibu viti vyote vya Buganda kwa kura chache mno. Nchini kote chama cha UPC kilipata kura nyingi zaidi lakini viti pungufu. Je, alistahili kutawala? Kwa sheria, naam. Aliyesusia kura hana la kumdai aliyepiga. Lakini ridhaa ya watu ni kitu kingine, na twaona Kiwanuka aliichelewea. Mwaka uliofuata UPC na Kabaka Yekka waliungana wakamshinda. Akauacha uwaziri mkuu, na tarehe 9 Oktoba 1962 uhuru aliouhangaikia ukapokewa na Obote. Kwa kitendo hicho cha kuondoka twamheshimu kuliko kwa ushindi wake.

"Basi wakamwacha aishi?" mama akauliza tena.

Hapo tulisita. Serikali ya Obote ilimtia kizuizini 1969. Amin akamfungua, akamfanya Jaji Mkuu 1971. Tarehe 17 Septemba 1972 Waganda waliokuwa uhamishoni Tanzania waliushambulia mji huu wetu wa Mbarara, wakashindwa. Siku nne baadaye watu wa Amin walimkamata Kiwanuka ndani ya Mahakama Kuu, Kampala, wakaenda naye. Hakuonekana tena. Yeye hakuwa amekimbia.

Tulimweleza yote hayo, maana kumficha tungekuwa tumemdanganya. Aliandika neno "kushindwa" daftarini, akauliza kama ndilo lile lile litumikalo kwa mtu asiyeweza kubeba mzigo. Tukasema ndilo.