Athari: Ramani ya Urithi na Haki ya Kusitiriwa

Anayetoka Maskati kwenda sehemu za ndani za Omani hufika Bidbid mahali barabara inapogawanyika: mkono mmoja unapanda bonde la Sumail kuelekea Izki na Nizwa, na mwingine unashika njia ya Ibra mpaka Sur. Wasafiri wengi hawasimami. Wakisimama wataona ngome ya udongo kando ya wadi, bustani za mitende, na maji ya falaji yakipita chini ya kuta kama yalivyokuwa yakipita kabla ya lami. Majira moja ya baridi nilikuwa huko na wanafunzi wangu, tukichora ramani ya urithi wa bustani hizo: maji yanaingilia wapi, mitende ya aina gani imepandwa wapi, ipi ni wakfu wa msikiti, kila pembe inaitwaje.

Mzee aliyetuongoza alisema nasi kwa Kiarabu hadi alipoisikia lafudhi yangu. Akageukia Kiswahili cha Unguja, alikofanya kazi dukani ujanani kabla ya kurejea Omani miaka ya 1970. Tulipofika pembe moja ya bustani, mwanafunzi aliuliza paitwaje. Mzee akajibu, na kijana akaanza kuandika. Hapo mzee akanivuta kando. "Mwalimu, jina hilo usilitie. Hapo walikaa watumwa. Babu yangu alikaa hapo."

Sitalitaja jina hilo katika makala haya pia. Lakini ombi la mzee liliniachia swali ambalo mafunzo yangu ya ughaibuni hayakunipa jibu lake: je, ramani ya urithi inawajibika kusema kila inachokijua?

Tuanze kwa kukiri kwamba hakuna ramani ya namna hii isiyochagua. Nchini Ureno, bonde la Douro lilipowekewa mipaka mwaka 1756 ili kulinda jina na bei ya mvinyo wake, nguzo za mawe zilisimikwa kuonyesha nani yumo na nani yuko nje. UNESCO ilipoliingiza bonde hilo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ilisifu matuta yaliyojengwa kwa mawe milimani. Chupa za mvinyo huo hubeba majina ya mashamba na ya wenye biashara. Majina ya vibarua walioyapanga mawe hayo hayamo.

Karibu nasi zaidi ni Rasi ya Afrika Kusini. Mvinyo wa kwanza ulikamuliwa huko mwaka 1659, na kwa muda wa karibu karne mbili mizabibu ilihudumiwa na watumwa waliotoka visiwa vya Asia, Madagaska, na pwani yetu ya Msumbiji. Wengi walinyang'anywa majina yao wakapewa ya miezi. Hadi leo zipo familia ziitwazo September na Februarie. Mgeni anayezuru mashamba ya Stellenbosch huonyeshwa nyumba nyeupe za mtindo wa Kiholanzi na kuambiwa ni urithi. Ni kweli, lakini urithi wa nani? Mjini Cape Town, ndani ya jengo la mwaka 1679 walimofungiwa watumwa wa Kampuni ya Kiholanzi, umesimamishwa mnara wa kumbukumbu wenye majina yao. Huko, basi, jibu la swali langu limekuwa: taja.

Omani haina mvinyo wa kujivunia mbele ya dunia, bali ina tende. Katika karne ya 19 tende za aina ya fardh, zilizosifika katika bonde la Sumail, zilivuka bahari mpaka New York. Mwanahistoria Matthew Hopper, katika kitabu chake cha mwaka 2015, ameonyesha kwamba kukua kwa masoko ya tende na lulu kuliongeza haja ya nguvu kazi, na kwamba sehemu kubwa ya nguvu hiyo ilikuwa Waafrika wa Mashariki walioletwa kwa majahazi. Utumwa ulipigwa marufuku nchini Omani mwaka 1970. Wapo watu hai wanaokumbuka hali ilivyokuwa kabla yake.

Mwaka 2006 UNESCO iliorodhesha falaji tano za Omani, ikiwemo Daris ya Nizwa. Falaji za Bidbid hazimo, lakini sifa zilizotolewa zinazihusu nazo: ugawaji wa maji kwa zamu, haki inayopimwa kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Kipimo cha zamu, takriban nusu saa, huitwa athar. Mswahili hawezi kulisikia neno hilo bila kufikiri juu ya athari, yaani alama inayobaki baada ya jambo kupita. Tunaisifu haki ya maji tukisahau kuuliza waliosimama tangu usiku wa manane kuyafungulia maji walikuwa na fungu gani.

Hoja ya kutaja, basi, ni nzito. Marehemu hawezi kujisemea. Aliyenyimwa ujira, uhuru na jina, akinyimwa na kumbukumbu, dhuluma yake inaendelezwa na sisi tusiomjua. Na mwanachuoni anayekaa kimya ili wenyeji wake wasikereke hana tofauti kubwa na karani aliyeandika mavuno bila kuandika wavunaji.

Lakini hoja ya kunyamaza si nyepesi. Katika jamii ambayo nasaba bado huulizwa mtu anapoposa, jina la mahali laweza kuwa jina la ukoo. Nikiliandika, atakayelilipia si mjukuu wa bwana bali mjukuu wa mtumwa. Sisi Waswahili tuna methali isemayo mwacha asili ni mtumwa. Nimeifundisha mara nyingi bila kuifikiri. Siku ile, mbele ya mzee, niliona ukatili uliomo ndani yake: inampa nini yule ambaye asili aliyoachiwa ni utumwa wenyewe? Akiishika anaitwa mtumwa, na akiiacha anaitwa mtumwa vilevile.

Nadhani njia ya kutoka ipo katika kutenganisha mambo mawili tunayoyaita kwa neno moja la kuficha. Kuna kuficha tendo, na kuna kumsitiri mtu. Sitara katika maadili yetu ni kumfunika aliye hatarini kuaibishwa, na kumfunika mwizi aliyejificha na mali ya watu si sitara. Kipimo, kwa maoni yangu, ni kuuliza kimya kinamnufaisha nani. Kikimlinda aliyedhulumiwa, au mtoto wake, ni sitara, na ufunguo wake uko mikononi mwake. Kikimlinda aliyenufaika, ni dhuluma ya pili, hata kikivaa kanzu ya adabu.

Kwa kipimo hicho, tendo halina haki ya kufichwa, ila mtu anayo. Tuliandika katika maelezo ya ramani, waziwazi, kwamba mitende ya bonde hili ilihudumiwa pia na watu walioletwa kwa nguvu kutoka mrima na visiwani, na kwamba tende walizochuma ziliuzwa ng'ambo. Pembe ile tuliichora na mipaka yake, bila jina.

Mwanafunzi mmoja hakuridhika. Alisema mzee mmoja hawezi kuwasemea wote wa asili yake, na kwamba baada ya kizazi kimoja hakuna atakayejua ile nafasi tupu ilikuwa na nini. Ana haki katika yote mawili. Nilimjibu kwamba jina lililoandikwa halifutiki, lakini lililoachwa linaweza kuandikwa kesho na wenyewe wakitaka. Najua jibu hilo linategemea kuwepo kwa mtu wa kulikumbuka, na siwezi kumdhaminia hilo.

Nilipomsomea mzee maelezo yetu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema tumesahau jambo. Babu yake alizijua nyota zote za falaji. Wenye zamu walilala, naye ndiye aliyekaa macho akiitazama nyota ichomoze juu ya jabali, akafungua maji kwa wakati wake, na kwa miaka yote hakuna jirani aliyelalamika kupunjwa hata athar moja.

"Hilo," akasema, "liandike."

Tumeliandika.