Ujira wa Mlezi

Tuseme mama wa Mtoni, aendapo kazini, humwacha mwanawe kwa mlezi. Mtoto augua siku tano. Mwisho wa mwezi mama akata ujira wa siku hizo, maana kazi haikufanyika. Mlezi alalamika: alimwekea nafasi, akamkataa mtoto mwingine. Nani mwenye haki?

Kurani Tukufu, katika Sura Al-Baqara, huwaruhusu wazazi kumkabidhi mtoto kwa mnyonyeshaji, kwa sharti wamlipe kwa wema walichopatana. Sura hiyo hiyo yaagiza deni liandikwe, dogo au kubwa.

Basi yakikufika hayo, nanyi hamkupatana lolote juu ya ugonjwa, mlipe: wakati aliokuwekea hautarudi. Kisha andikianeni ya kesho. Ujira si sadaka, ni haki.